Salamu Uliyokipa Kisiwa

Papa,

Wale ndege wetu, minandi, wamerudi kwenye kile kisiwa kidogo ziwani, mbele ya Sake. Leo nimesikiliza sauti zilizonaswa na kifaa chetu kule mtini: makinda wanalia wengi kuliko msimu uliopita. Nilishika simu nikuambie. Kisha nikakumbuka kwamba tulikuzika Walikale, kwa watu wako, miezi mitatu sasa.

Unakumbuka safari ya kwanza? Wewe, mwindaji wa msituni, unapiga kasia kwa woga huku unacheka: "Hii njo pori ya maji, mama yangu." Tulipofika ulivua kofia, ukakisalimu kisiwa kama wazee wako walivyosalimu msitu kabla ya kuingia. Ukataja jina lako, la baba yako, la babu yako, na wengine nyuma yao nisiowajua. Mwishoni ukataja langu. "Leo hatuui. Tumekuya kusikiliza tu."

Kifaa kilikuwa kimeshawaka. Nikakukaripia: "Papa, unaniharibia kazi!" Nilikuwa nimetoka universite, nilijua kila kitu.

"Basi, dokta, nanyamaza."

Jioni nilikifuta kipande chote chenye sauti yako, wabaki ndege peke yao. Na wewe, tangu siku ile, ulivua kofia tu, midomo ikicheza bila sauti.

Nimesikiliza rekodi zote zilizobaki, Papa. Zote. Kuna kasia lako. Kuna hatua zako juu ya mawe. Mahali pamoja unakohoa, kwa mbali. Nilikirudia kikohozi kile mpaka Mama akaacha chungu cha sombe motoni, akaja kusimama mlangoni.

"Rudisha tena," akasema.

Nikarudisha. Hatukutazamana.

Nilikuwa na sauti yako nzima ikiniita katika ukoo wetu, nikaitupa kama uchafu. Ningengoja tu umalize, ndipo niwashe. Ingenigharimu nini?

Kesho asubuhi naenda kisiwani. Nitawasha kifaa kwanza. Nitavua kitambaa kichwani na kutaja kwa nguvu jina langu, lako, la baba yako, la babu yako. Kisha nitanyamaza kidogo, mahali pa wale niliowafuta. Kwenye ripoti nitaandika: hapa binti anasalimu, msikate.

Lala salama katika udongo wa kwenu, Papa. Sasa ongea. Sitakunyamazisha tena.

Binti yako,
Riziki