Goti la Mechi ya Saba

Sule,

Assalamu alaykum. Tumefundishwa kuwa salamu huwafikia walio makaburini, basi hii ipokee vizuri, maana yanayofuata si mazuri. Nimekukasirikia. Leo ni siku ya kumi na mbili ya hasira hii, na kumkasirikia marehemu ni kazi, kwa sababu hajibu, na wewe ulikuwa hujui kunyamaza.

Mkeo Zuwena amemaliza eda. Ni mzima, amekonda kidogo, na ameupaka ukumbi rangi ambayo ungeipigia kelele wiki nzima. Katika kupanga makabati akalikuta lile boksi la mikanda ya video, akaniletea. Mikanda saba ya fainali ya kikapu ya Marekani, kila mmoja una namba kwa mwandiko wa shemeji yako wa Maskati, yule aliyekuwa akiturekodia na kumpa msafiri yeyote anayekuja Unguja. Nilipoushika wa kwanza nilicheka peke yangu. Unakumbuka kiapo chetu cha barazani? Mechi zote zishachezwa, kombe lishatolewa, dunia nzima inajua isipokuwa sisi. Redio ikifika kwenye michezo, tunaizima. Msafiri akileta mkanda, haruhusiwi kufungua mdomo. Yule jirani yako aliyetaka kutuambia matokeo ya mechi ya nne tulimkimbia kichochoro kizima tumeziba masikio, watu wazima na ndevu zetu.

Kisha nikafungua ganda la mkanda wa saba, nikakuta barua ndani.

Mkanda ule unaujua. Shemeji alianza kurekodi tangu taarifa ya habari, ukaisha zimebaki dakika saba za mchezo. Mimi nilikuwa nimelala kwenye kochi la mama yako, wiki ya tatu tangu nianguke kwenye uwanja wetu wa saruji, goti limefungwa. Daktari alikuwa ameshaniambia mpira basi. Katika mechi zote zile macho yangu yalikuwa kwa mtu mmoja, yule mrefu wa goti bovu tuliyempa jina Bwana Bandeji. Alipotolewa nje anachechemea, nikageuza uso ukutani.

Kesho yake ukaja mbio, ukasema umekwenda posta kumpigia shemeji simu. Timu yetu imeshinda. Na tena nani kashinda? Bwana Bandeji. "Karudi ndani, kasimama kwa mguu mmoja, karusha. Mpira umezunguka pete mara mbili, ukaona haya, ukaingia." Ukaniangalia. "Ushasikia? Basi na wewe inuka."

Nikainuka, Sule.

Barua ya shemeji ina mistari minne. Timu yetu ilishinda, kweli, kwa pointi kumi na moja, na mtupo wa mwisho wa ajabu haukuwepo. Nikupe nakala yake hapa uone kama umesahau: "Mpe pole Khamis. Yule wake wa goti hakurudi mchezoni, na wanasema hatocheza tena." Sikutaka kuamini. Nikamwomba binti yangu Rahma anitafutie mechi kwenye simu, akaipata kwa muda mfupi kuliko tuliokuwa tukichukua kusafisha kichwa cha deki ya video. Tukazitazama dakika saba zile baada ya alasiri. Mipira ya adhabu tu, mmoja baada ya mwingine. Rahma akaniuliza, "Baba, huyu wako mbona kakaa tu?" Alikuwa amekaa kwenye benchi, taulo kichwani.

Nilicheza miaka sita mingine na bandeji gotini kwa sababu ya mtu aliyekaa na taulo kichwani. Leo ngazi za nyumba yangu nashuka kinyumenyume kama mtoto. Daktari wa sasa alinihoji ni nani aliyenishauri nirudi uwanjani na goti lile. Nikamjibu ni rafiki yangu, tena nikasema kwa kujisifu.

Ulikuwa na miaka thelathini ya kunambia. Badala yake kila ulipoihadithia barazani ulinigeukia, "Au vipi, Khamis?" nami nikaitika, "Naam," kana kwamba niliona. Umenifanya shahidi wa kitu ambacho sikukiona, na mimi nikakubali, hilo silikwepi. Sasa wewe hupo, na vijana wa barazani wananishika mimi niihadithie. Mara mbili nimesingizia kikohozi.

Kinachonikera zaidi ni siku ya maziko. Kaka yako alisimama akatuomba kila uliyemkosea akusamehe, na mimi ndiye niliyetangulia kupaza sauti: nimemsamehe, dunia na akhera. Nilikuwa nawaza viatu vyangu ulivyoviazima ukavirudisha bila soli. Ningejua, ningemwacha mwingine atangulie. Je, radhi ya mtu asiyejua inafika? Nilitaka kumwuliza sheikh, nikaona itanibidi kwanza nimweleze kikapu, nikaghairi.

Jana nilikaa na barua ile mkononi nikajaribu kuiondoa miaka sita yangu, nione ingebaki nini. Ningeondoa fainali yetu ya Idi, tulipokuwa nyuma kwa pointi moja, nikarusha, na wewe ukanibeba begani mpaka mlangoni kwa mama yako ukimwambia atoe halua. Sikuweza. Nimekasirika, lakini ile siitoi. Hata kwa goti jipya.

Basi nakuahidi hivi. Vijana nitawaambia ukweli: pointi kumi na moja, taulo kichwani, na mimi sikuona kitu. Wacheke wanavyotaka. Wakimaliza, nitawaambia yupo mtu mwenye goti bovu aliyeinuka kweli, nipandishe suruali niwaoneshe.

Na ile radhi ya siku ya maziko nilikupa sijui kitu. Leo nakupa nyingine, nikiwa najua yote, na goti linauma. Mola akupumzishe. Nimekusamehe, Sule, dunia na akhera.

Au vipi?

Khamis