Mkwe Mbele ya Kamera

Iringo, Musoma
3 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, dagaa nakula mpaka nawaota.

Nimepata kazi ya ajabu. Kamera zimefungwa soko la Bunda, na kompyuta inajifunza watu wanavyokaa na wenzao: nani yuko na nani, nani anamkwepa nani. Sura zimefichwa. Mimi nakagua kama imesema kweli. Video hutufikia baada ya wiki.

Jana nikakuona! Kitenge chako cha tausi nitakijua popote. Kuna mwanamume alikuwa anakuja, ukaacha njia, ukajibanza nyuma ya magunia ya mihogo. Naye akainamisha kichwa, akazungukia mbali. Kompyuta ikaandika: hawajuani. Nilicheka, kisha nikamtambua kwa mwendo. Yule ni Mniko. Mwaka mzima tangu niiache ndoa yake, mbona bado unampisha kama mkwe?

Mwanao,
Wegesa

Bunda
9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananiuma lakini bado yananitembeza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Hiyo kompyuta nani kaizaa? Kama haijui kuwa mkwe na mama mkwe hupishana, haijafundwa. Na iambie isinichungulie nikila.

Uliondoka wewe, ukwe haujaondoka. Hakuna aliyekuja kudai ng'ombe wa mahari. Naye bado ananipisha. Mtu aliyekuchoka angepita tu. Unamtaka, au humtaka? Wazee wake wanauliza, nipe la kuwaambia.

Mama yako

Iringo
2 Juni

Mama,

Shikamoo, na nisamehe kimya hiki. Swali lako lilinishinda, nikawa namtafuta Mniko kwenye video badala ya kukujibu. Siku ya ile mvua kubwa uliingia kwenye kibanda cha jirani yako Fatu. Mniko akabaki nje analowa, asikae nawe chini ya paa moja, mpaka ulipotoka. Nililia ofisini, Mama, mbele za watu.

Namtaka. Jumamosi nakuja, nimwambie mwenyewe.

Mwanao,
Wegesa

Bunda
5 Juni

Mwanangu Wegesa,

Marahaba, mama. Naandika haraka, usije ukaona kwenye kompyuta kwanza.

Juzi Mniko alikuja mpaka mezani kwangu pale sokoni. Nikainuka nijifiche. Akasema, "Mama Wegesa, usijifichage tena," kama jirani yeyote. Akaninyooshea mkono, na mkwe hampi mama mkwe mkono. Nikaupokea, ningefanyaje? Wazee wake walikuwa wameshafika kwa baba yako mdogo, kudai ng'ombe wao warudi.

Naumia. Nilimpenda yule kijana. Jumamosi njoo hivyohivyo, uje kwangu.

Mama yako