Mita Nne za Kamba ya Medina

Koboko, 6 Februari 1994

Kwa shemeji Fadhul,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu, ambalo unajua lilistaafu kabla yangu. Dada yako Medina anakusalimu. Natumai mkeo amepona ile homa, na duka lako la kutengeneza redio hapo Arua bado lina paa.

Baada ya salaam, nina hasira na wewe.

Unaijua mashine ya muziki ambayo ndugu yangu Taban alinitumia kutoka Jeddah. Masanduku mawili: la juu linasoma CD, la chini ni amplifaya. Nilikuuliza niyaunganishe kwa waya gani. Wewe, mtu wa ufundi, ukaniandikia nyuma ya karatasi ya sigara: "Achana na zile waya nyekundu na nyeupe. Kuna tundu moja la dijitali. Tafuta waya mzuri wa koaksia, sauti itapita safi." Nimetafuta koaksia. Plagi nimefunga kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaita majirani, nikavaa kanzu, nikawasha jenereta. Mwimbaji akaimba maneno matatu, tik, akanyamaza. Akaimba mawili, tik. Mzee Jale akaniuliza mbele za watu: "Fundi, huyu mutu iko na kifua kikuu?"

Mimi ni fundi cherehani, aibu nimezoea. Kuna suruali zangu zinatembea mjini zikiniaibisha kila siku. Lakini aibu hii ni yako. Mpe jibu Yugu, dereva wa pikapu aliyekuletea barua.

Shemeji yako,
Hamuza


Arua, 9 Februari 1994

Shemeji Hamuza,

Waaleikum salaam. Mke wangu amepona, alhamdulillahi. Paa liko. Goti lako lipe pole.

Hasira yako irudishe mfukoni kwanza. Koaksia si kitu kimoja. Hiyo kazi inataka waya wa ohm sabini na tano, ule ule wa antena ya televisheni. Katikati shaba nzima isiyo na kutu, juu yake wavu uliosukwa ukabana, na plagi zilizochomewa risasi, si kusokotwa kwa meno. Mita moja inatosha. Plagi za rangi ya dhahabu ziache, hizo kazi yake ni kumpendeza muuzaji. Ukiweka waya wa ohm nyingine, pengine utapita salama. Pengine sauti itafika mwisho wa waya, igonge, irudi nyuma, na mashine ipoteze hesabu. Ndiyo kikohozi chako.

Sasa soma kwenye ngozi ya waya wako imeandikwa nini. Na uniambie uliununua kwa nani, maana hapo Koboko simjui mtu anayeuza koaksia.

Shemeji yako,
Fadhul


Koboko, 14 Februari 1994

Kwa shemeji Fadhul,

Salaam nyingi. Goti limeshukuru.

Ngozi ya waya ni nyeusi, jua limeipausha. Nimeisugua kwa mate, nimesoma hamsini.

Lile swali la nani aliniuzia nilitumaini utalisahau. Hakuna aliyeniuzia. Nilikata kamba ya nguo.

Ngoja kwanza. Ile kamba inayotoka pembe ya jiko mpaka mwarobaini. Ulipotaja koaksia nilitazama dirishani, nikaona nyeusi, nene, shaba ndani. Nikasema Mungu mkubwa, iko hapa uwanjani. Nikakata mita nne, maana nilitaka amplifaya ikae dirishani jirani wasikie, na lile sanduku la CD likae kabatini wasiliguse. Medina alikuwa shambani Kuluba. Aliporudi alifua mashuka, akatoka nayo begani, akakuta kipande cha kamba kilichobaki kimelala katikati ya uwanja.

Akaniuliza: "Kamba ya baba iko wapi?"

Nikamwonyesha nyuma ya mashine. Nikasema: "Sasa iko na kazi kubwa zaidi."

Shemeji, maneno hayo natamani kuyameza tena, lakini yameshatoka. Hajanisemesha tangu siku hiyo. Leo amefunga mzigo, amembeba mtoto wetu mdogo, amepanda pikapu ya Yugu. Atafika kwako pamoja na barua hii, maana dereva ni mmoja.

Umwambie arudi. Wewe ni kaka yake, atakusikia.

Shemeji yako,
Hamuza


Arua, 17 Februari 1994

Hamuza,

Salaam. Afya yangu iko. Ya Medina hajaniruhusu kukwambia.

Katika barua ya kwanza uliandika kwamba Medina ananisalimu. Nimemuuliza. Hakunisalimu. Kumbe ulikuwa unaandika salamu za mtu aliyekununia chumba cha pili.

Baba alikuwa mtu wa mawasiliano jeshini, hilo unalijua. Mwaka wa sabini na tisa, jeshi letu liliposhindwa, siku ya kukimbia, watu walibeba magodoro na mbuzi. Yeye aliteremsha waya wa antena ya redio, akauzungusha kiunoni chini ya shati, akavuka nao mpaka Sudan. Alisema tukirudi atauhitaji. Miaka saba tulikaa kambini, na waya ukawa kamba ya nguo. Mama alikuwa mgonjwa, kwa hiyo kila asubuhi aliyeufunga ni Medina, kwa fundo alilofundishwa na baba. Baba alipokufa mimi nilichukua koleo lake na chuma cha kuchomelea. Medina akachukua waya. Hakukuwa na kitu cha tatu cha kugawana.

Mimi natengeneza redio. Mara ngapi nimeishiwa waya, na ule ukiwa kwa dada yangu, na sikuwahi hata kuuomba. Wewe umeukata kwa mkasi wa suruali. Tena kwa kazi ambayo hauifai.

Simwambii arudi. Na usije Arua. Amesema akiiona kanzu yako barabarani atavuka mpaka aingie Zaire.

Yugu amebeba mita tano za waya wa televisheni. Si zawadi. Nimetuma ili usipate sababu ya kukata kitu kingine humo ndani.

Fadhul


Koboko, 21 Februari 1994

Kwa shemeji Fadhul,

Salaam aleikum. Najua hutaniambia tena habari za afya yako, mimi nakuombea tu.

Waya wako umefika. Sijaugusa. Mashine nimeifunika shuka.

Zile mita nne nimezitoa nyuma ya mashine, nimezirudisha kwenye kamba. Nilifunga fundo langu, nikatundika nguo za watoto wetu wawili alioniachia Medina. Fundo likateleza, nguo zote mavumbini. Nikafua tena. Nikafunga tena, likateleza. Mara ya tatu nimelishona kwa uzi wa jinzi, sasa linashika, lakini ni baya, linafanana na goti langu.

Hizi hapa plagi mbili nilizozitoa. Mwonyeshe. Siombi arudi kwa sababu ya barua. Nataka ajue tu kwamba nilichokata sasa nakijua. Nilikuwa najua hata siku ile, shemeji. Nilijua ni waya wa mzee. Nilidhani hataona mita nne.

Hamuza


Koboko, 19 Machi 1994

Kwa shemeji Fadhul,

Salaam aleikum. Hukujibu karibu mwezi mzima, nikajua ndilo jibu lenyewe. Halafu juzi pikapu ikasimama.

Medina alinipita mlangoni kama mtu anayepita duka lililofungwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba. Alitazama ushonaji wangu, akaukata uzi kwa meno, akalifungua fundo, akafunga la kwake. Sikuona mkono ulivyopita. Kisha akaning'inia kwa uzito wake wote, miguu juu. Kamba ikakaa.

"Fadhul alituma waya mita ngapi?"

"Tano."

"Mashine inataka ngapi?"

"Moja."

"Na wewe ulikata nne."

Akaniletea mkasi, ule ule. "Kata moja." Nikakata, amesimama juu yangu. Zilizobaki nne akazibeba, akazifunga kutoka pembe ya choo mpaka kwenye ua.

"Hii iko yako. Nguo yako itakaa hapa. Kwa ya baba usitundike kitu, hata soksi."

Basi kila anayepita anaiona kanzu yangu peke yake kule chooni. Mzee Jale ameniuliza kama nimeachwa mimi au zimeachwa nguo tu.

Mashine nimeiunganisha, zile plagi mbili, Medina alirudi nazo, nimezichomea risasi ulivyosema. Hakuna tik hata moja. Medina alisikiliza wimbo mmoja akiwa jikoni, akaja mlangoni, akasema: "Punguza." Ni neno lake la kwanza kwangu leo.

Waya wako ni mzuri sana, shemeji. Nguo zinakauka vizuri.

Shemeji yako bado,
Hamuza