Simu za Kutoka Ekerenyo

Jumatatu, 4 Oktoba 1999
Mashine ya pili ya simu imefungwa leo, kwenye zahanati ndogo ya Daktari Obwocha kule Ekerenyo. Ya kwanza iko kliniki yake hapa Kisii mjini. Simu zitapita kwenye waya wa kompyuta. Mehul, mwajiri wangu, ndiye aliyeziagiza mashine hizi. Dukani kwake tumezoea redio na betri – kitu kama hiki hata mimi fundi wake sikuwa nimekiona kabla ya Agosti. Kitabu cha maelezo, kurasa mia tatu! Kazi yenyewe ni kuiambia mashine: simu hizi ni za upande wa ndani, hizi za upande wa nje, kila moja ifuate njia yake. Ukichanganya pande, umekwisha.

Sista Phanice, muuguzi aliye peke yake kule, aliuliza kama atamsikia daktari vizuri akiwa na mgonjwa mahututi. Nikasema atamsikia.

Jumatano, 6 Oktoba
Nimepiga Ekerenyo mara kumi na mbili. Safi. Nimetia sahihi fomu ya kukabidhi kazi. Kwa sahihi hiyo Daktari ameruhusu simu ya zamani ya Ekerenyo ing'olewe. Imeng'olewa jioni.

Alhamisi, 7 Oktoba
Phanice amepiga yeye, mara ya kwanza. Namsikia kila neno. Yeye hanisikii! Haloo, haloo – akakata. Nikampigia mimi: tunasikilizana vizuri. Akapiga tena: hasikii kitu.

Kumbe simu ikianzia kwake, mashine inaihesabu upande usio wake, na sauti yetu inatupwa huko. Sikujaribu kutoka kule. Zote kumi na mbili nilipiga kutoka huku. Mjinga mimi.

Phanice akauliza kuna nini. Nikamwambia kitu kidogo, nakirekebisha.

Ijumaa, 8 Oktoba
Nimebadilisha njia zote, nikazima, nikawasha. Phanice ana foleni ya watoto wa chanjo, hana nafasi ya kunijaribia. Nimemwachia ujumbe kwamba sasa nadhani iko sawa. Nadhani!

Nimemwambia Mehul ukweli. Akanisihi tusimwambie Daktari kitu mpaka Jumatatu. Kuna hospitali nyingine mbili zinangoja kuona hii ikifanya kazi. Nikasema tungemwonya tu, simu za Ekerenyo zianzie huku. Akasema ukimwonya umemwambia.

Nimekubali.

Jumamosi, 9 Oktoba
Sabato. Mama ametoka kwenda kanisani Kiogoro bila kuniuliza kwa nini sijavaa. Nikaja kliniki kumalizia hii mashine kabla mtu hajahitaji simu.

Nimechelewa. Nilipoingia saa nne na nusu Daktari alikuwa amesimama na simu sikioni, anapaza sauti mpaka wagonjwa wametoka nje kutazama. Phanice amezalisha mama mmoja asubuhi hii. Kondo la nyuma limekataa kutoka, damu haikomi. Daktari anamweleza afanye nini, hatua kwa hatua, na yeye anazidi kuuliza: "Daktari, uko hapo? Daktari, nifanyeje?" Nilimsikia nikiwa mlangoni. Dakika sita wamekuwa hivyo, karani ameniambia. Dakika sita!

Nikasema, "Kata, Daktari. Piga wewe. Ukipiga wewe atakusikia."

Hakukata mara moja. Alinitazama.

"Ulijua?"

"Tangu Alhamisi."

Akakata, akapiga. Ikalia. Ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena – hakuna mtu. Labda Phanice amechoka kungoja, amekimbilia simu ya posta. Leo Jumamosi, posta imefungwa. Labda mikono yake yote miwili iko kwa yule mama na hawezi kuinua simu.

Daktari amechukua mkoba na damu ya akiba, ameondoka na gari. Barabara ile, na mvua ya jana, ni saa nzima. Mlangoni akaniambia nisiguse mashine, nisiizime, nipige tu. Phanice akipokea, nimsomee haya. Ameniandikia hatua saba kwenye karatasi ya dawa. Mwandiko wake siuelewi vizuri, ya nne nimemwuliza karani, naye hajui.

Mehul amepiga kwa simu ya kawaida kuuliza kama nimemwambia Daktari. Nimemkatia.

Saa tano na dakika kumi. Nimepiga mara tisa. Inalia tu.

Saa tano na robo. Imeinuliwa. Si Phanice – ni mwanamke mzee, analia, anauliza kwa Kigusii mimi ni nani. Nimemwambia jina langu. Ananisikia. Nimemwambia aipeleke simu karibu na Sista kadiri waya utakavyofika, nami naweka kalamu, naanza na hatua ya kwanza.