Mchezo wa Mzinga na Kitabu cha Saba

Kawajense, Mpanda
16 Juni 2025

Kaka Apolinari,

Shikamoo. Habari za Karema, shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Mguu wa mama umepona, mdomo wake haukuwahi kuugua. Mimi niko na meza yangu ileile, chaja, soksi na mihogo ya kuchemsha, na wateja bado wananiuliza kama soksi zinaliwa.

Umeniuliza mchezo wetu wa Mzinga utoe vitabu vingapi zaidi, maana kile kikuu kina nyongeza tano tayari na wewe umeshaandika cha saba. Nimezunguka kuuliza watu kama ulivyoagiza. Mgeni akinikuta na dadu huwa namweleza kwamba mnakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine mnakuwa watu wa porini, warina asali, wawindaji, unasema utafanya nini, unarusha dadu, pori linakujibu. Wote wanauliza nani anashinda. Nasema anayerudi nyumbani.

Felista wa stesheneri anasema tutoe hata ishirini. Na wewe ungekuwa na mashine ya fotokopi ungesema hivyohivyo.

Josephat wa Kakese anavyo vyote sita, anatembea navyo kwenye begi utadhani bwana afya anakuja kukagua vyoo. Jumapili moja mwezi wa nne, baada ya misa, tukiwa mchezoni, warina wetu walikuwa juu ya mti, nyuki wametoka. Mama Shukuru, yule wa nyanya, akasema anawasha moshi, nyuki walale mpaka dadu zirushwe mara tatu, maana ndivyo mimi nilivyowasomea kwenye kitabu cha nne. Josephat akasema hamna kitu kama hicho, akaanza kutafuta ukurasa. Alitafuta mpaka Elias, mchezaji mwenzetu, akaomba tuwaulize nyuki kama wana haraka.

Mama Shukuru unamkumbuka, hajui kusoma, lakini kitabu cha kwanza alikishika chote kwa kusikia tu. Ndiye aliyekuwa mchezoni anaacha sega moja kila mzinga, tukamcheka kwamba anafuga nyuki kama kuku. Msimu uliofuata mizinga yetu ikawa mitupu, yake imejaa. Sasa Josephat akamwambia kama hawezi kuonyesha ukurasa, anyamaze. Mama Shukuru akanitazama mimi. Mimi nikatazama dadu. Akajifunga khanga yake, akaondoka.

Jumapili tatu hakuja. Meza ikapoa kama uji wa jana. Ya tatu tulibaki wawili, na Elias alikuwa amekuja kuchaji simu.

Nikamfuata mama Shukuru nyumbani na utani wangu, akanikatisha. Akasema hana ugomvi na Josephat, ugomvi wake ni mimi. Ule ukurasa wa moshi, wa kumi na nne, nilishamsomea mara tatu, na mara zote tatu ulikuwa na maneno tofauti.

Kaka, hapo ndipo penyewe. Tangu kitabu cha tatu sijasoma hata kimoja. Shule niliishia la nne, unajua. Cha kwanza uliniandikia kwa herufi kubwa, hivi vingine umeshindilia maneno kama dagaa kwenye gunia. Nilikuwa nafungua, nakunja uso, natunga. Yule kiboko aliyekwenda harusini, ambaye watu wa Kasokola walikusifia, hayumo kwenye vitabu vyako. Josephat alikuwa sahihi, mama Shukuru naye alikuwa sahihi. Mwongo ni mimi, na niliwaacha wagombane.

Jumapili iliyopita nimewaambia wote. Josephat hakunitukana, aliomba tu nimwandikie ile ya kiboko. Nimekataa, hiyo nayo itakuwa nyongeza.

Hicho cha saba ulichotuma na basi nimekisoma. Lilikuwa sharti la mama Shukuru ili arudi mezani, nikisome chote mbele yake bila kutunga. Siku nne, kidole kwenye mstari, yeye anapanga nyanya. Nikiruka neno anajua, sijui anajuaje. Pale mrina mzee anaposhuka mtini mikono mitupu, akaniambia nirudie. Nikarudia mara mbili. Kaka, kumbe unaandika vizuri hivi.

Basi, jibu langu ni hili. Felista nimemwambia asiwashe mashine kwanza. Cha saba mama Shukuru anacho kichwani chote, na Josephat alikwenda kwake jana na daftari, akaambiwa akae chini asikilize. Vya mbele andika unavyotaka, ila kila kimoja kisizidi siku nne za nyanya, na hakitoki mpaka nimemaliza kukisoma.

Mama anakusalimia, anasema utume samaki wa huko ziwani, migebuka. Wasalimie shemeji na wanangu. Najua utakasirika, na una haki. Ukinijibu, nitukane kwa herufi kubwa, nataka nisome mwenyewe.

Mdogo wako,
Gelasius