Shamba la Rosa

Karen, Jumamosi, Machi 1957

Eti nina shamba! Leo nilimwomba memsabu aniongezee mshahara. Nimempikia miaka sita, na kila kitu dukani kimepanda bei. Hakuacha hata kufuma sweta yake.

"Wewe iko na shamba Maragoli," akasema. "Bibi na watoto nakula huko. Pesa mingi ya nini?"

Nikarudi jikoni na hasira zangu.

Jioni shemeji yangu akaniletea debe la mahindi kutoka nyumbani. Mke wangu Rosa hunitumia kila mwezi, maana mshahara wenyewe haunilishi mpaka mwisho wa mwezi.

Kumbe ni Rosa anayemsaidia memsabu kumlipa mpishi wake! Na memsabu hata jina lake hajawahi kuniuliza.