Miayo ya Maringo

Mamangu kipenzi,

Dua nakuombea kila nikimaliza kuswali, kwa hivyo hapa sizirudii. Leo nakuletea habari za Maringo, kasuku wako. Si njema, na sina mwengine wa kumwambia.

Wakumbuka Maghrib ikishapita, ulivyokuwa ukiikunjua ile leso yako kuukuu yenye nakshi ya korosho ukafunika tundu lake? Kabla hujamfunika yeye ashaanza zake: mguu mmoja juu, manyoya yamefutuka, mdomo ausaga polepole kama mtu atafunaye kashata. Kisha apige mwayo huo, ulimi mweusi wote nje! Nawe humwambia, "Audhubillahi, Maringo! Funika kinywa." Ati afunike na nini, maskini, na mkono hana? Lakini neno alilishika. Ikawa kila akipiga mwayo husema mwenyewe, "Audhubillahi," kwa sauti yako khasa, na kile kikohozi chako kidogo mwishoni. Mimi nikicheka hadi machozi, nawe waniambia, "Waona? Ndege ana adabu kukushinda."

Ulipokufa, watu wa matanga walipotawanyika, nilimfunika mimi. Akapiga mwayo, akasema, akakohoa. Nilikaa chini sakafuni nikalia. Tangu hapo nikawa naungojea mwayo wake kama watu wanavyongojea adhana mwezi wa Ramadhani.

Na harufu yako pia niliitaka. Kila nikikukumbuka nilitia udi kwenye chetezo chako, nikafunga madirisha usitoke. Wewe nakujua, ungeniuliza nyumba itapumua vipi. Haukupita muda Maringo akaanza kupiga miayo mchana kweupe, mmoja haujesha mwengine waja, na neno hasemi. Bi Rukia wa nyumba ya pili, unamjua, kwake hakuna maradhi yasiyokuwa kijicho. "Huyo kaangaliwa! Mfukize." Wallahi nikamfukiza, chetezo chini ya tundu lenyewe. Miayo ikazidi, na Bi Rukia akafurahi: "Waona? Ndiyo kinamtoka hicho!"

Kilichokuwa kikimtoka ni roho, mama. Nilipoona mkia wapanda na kushuka kwa kila pumzi, nilimfunika leso yako nikamkimbiza kwa tuktuk hadi kwa daktari wa wanyama kule Tudor. Akamtegea sikio kifuani, akaniuliza, "Mama, nyumbani mwafukiza nini?" Nikamwambia ni udi, naye akasema, "Kasuku hupiga mwayo akitaka kulala, au akinyoosha taya tu. Lakini huyu wa mfululizo, tena mchana, anatafuta pumzi. Kifua chake hakiwezi moshi. Uzime, la sivyo utampoteza."

Nikauzima. Nilifua mapazia yote, nikafungua madirisha, chetezo nikakifunga kitambaa nikakitia kabatini. Hivi sasa nyumba yako yanuka sabuni na samaki wa kukaanga wa jirani. Nikijituliza, mshika mbili moja humponyoka. Harufu na iende, sauti ibaki.

Pumzi zikamrudia. Kula anakula, mguu anaukunja, mdomo anausaga kama zamani. Lakini mwayo wake ukawa bubu. Kila Maghrib nikisimama mbele ya tundu na leso mkononi nikimkumbusha, "Audhubillahi, Maringo. Sema, baba. Audhubillahi." Nikisema na kulia, nikilia na kusema. Yeye akinitazama kwa jicho moja, la pili limelala.

Jana aliitika. Alipiga mwayo mkubwa, ulimi wote nje, akasema, "Audhubillahi." Moyo uliniruka, mama! Kisha nikasikia vizuri. Haikuwa sauti yako, ilikuwa yangu. Na pale mwishoni palipokuwa na kikohozi chako, alivuta kamasi, vile vile ninavyovuta mimi nikilia.

Nilimwambia aseme tena, akasema tena vile vile. Usiniambie nisubiri, nimeshasubiri. Nilichokuwa nikimfunza kila jioni ni kukusahau, na amefuzu.

Nilimfunika, nikaketi. Lala salama, mamangu, Mungu akupe nuru huko uliko. Humu ndani tumesalia wawili, na sote wawili ni mimi.

Ni mimi mwanao,
uliyeniambia ndege ana adabu kunishinda